Kula ya Mmoja Mmoja

Mwaliko ulikuwa wa mdogo wangu, lakini mdogo wangu alikataa kwenda, na mdogo wangu akikataa jambo humsogezi hata kwa jeki. Nasema mdogo wangu kwa mazoea tu. Sisi ni mapacha wa kike. Mimi nilitangulia kutoka, basi nyumbani mimi ni Mkubwa na yeye ni Mdogo, na sasa tuna mvi na bado tunaitwa hivyo.

"Nenda wewe," aliniambia, huku anatia vifungo kwenye shati la mteja. "Wewe una mdomo. Mimi nikienda watataka nijieleze, na nimechoka kujieleza."

Sote wawili tulikuwa washiriki wa utafiti, kwa hiyo sikuwa namdanganya mtu. Utafiti wenyewe ulikuwa wa serikali. Walitafuta mapacha, wakatupata sisi, wakatupa kila mmoja kipande cha mkate kilichopimwa kwenye mizani na kikombe cha chai isiyo na sukari, tukala mbele yao kama watoto wa chekechea. Kabla ya hapo walikuwa wametubandika mkononi kidude cha mviringo, kiasi cha kifungo cha koti, kinachosoma sukari ya mwilini na kuituma kwenye simu. Mkate ule kwangu ulipita kimya. Kwa Mdogo sukari ilipanda, ikakaa hukohuko juu mpaka adhuhuri. Mtaalamu aliyetuonyesha ile mistari miwili kwenye kompyuta alisema miili yetu haikipokei chakula kwa namna moja, ingawa tulikaa tumbo moja, na kwamba bado hawajajua sababu.

Kwao hilo lilikuwa jambo la maabara. Kwetu lilikuwa jambo la heshima. Mdogo ana kisukari, na kwa miaka mingi kila alipokwenda kliniki sukari ilikuwa juu, na kila alipoulizwa anakula nini alisema ukweli, na hakuna aliyemwamini. Muuguzi alimkodolea macho. Mama, ambaye tunaishi naye, alimkodolea zaidi. "Mbona mwenzio anakula hayohayo na hana kitu?" Mwenzio ndiye mimi. Mama alishikilia kwamba Mdogo anakula kwa kujificha. Alimnusa pumzi. Alipekua kikapu chake cha nyuzi akitafuta maganda ya peremende. Mimi ninayelala naye chumba kimoja nilimwambia Mama mara nyingi kwamba hakuna kitu, akanijibu kwamba mapacha hufichiana siri.

Mistari ile miwili ndiyo iliyomnyamazisha. Mama aliiangalia kwenye kompyuta, akavaa miwani, akaiangalia tena, akasema, "Kumbe." Ni neno moja tu, lakini Mdogo alilia njia nzima kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo alikula mezani ameinua uso. Kidude kilibaki mkononi mwake, kikichakaa anapewa kingine, na simu ikimwambia mkate hapana, viazi vya kiporo ndiyo, na sukari ikatulia.

Sasa awamu ile ilikuwa inakwisha, na kamati ilikuwa inakutana kupanga utafiti wa lishe wa miaka kumi ijayo. Ama kazi ya namna yetu iendelee, ama isimame, na nguvu zote za serikali ziende kwingine. Ikisimama, vidude vinarudishwa, simu inanyamaza, na Mdogo anarudi kuwa mwongo. Hilo tu ndilo lililonitoa kwenye cherehani yangu na kunipeleka kukaa na wasomi.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, na kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo nyuma ya kiti changu. Mbele ya kila mjumbe palikuwa na chupa ya maji, kalamu isiyoandika vizuri, na kipaza sauti chenye kitufe. Ukikibonyeza, taa nyekundu inawaka na unajikuta huna la kusema. Kibao changu kiliandikwa "Mwakilishi wa Washiriki". Watu walinisalimia kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa. Nilieleza mara ya kwanza na ya pili kwamba mgonjwa ni mwenzangu, halafu nikaacha, nikawa najibu tu kwamba naendelea vizuri.

Mwenyekiti alikuwa profesa mstaafu, mpole, mwenye tai pana. Kasoro yake ilikuwa moja: ulimi wake haukuijua herufi r. Kila r ilimtoka l. "Kalibuni, ndugu wajumbe," alifungua, "tujadili mustakabali wa utafiti huu wa selikali." Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu ana mjomba au shangazi anayesema hivyo, na sikio hujirekebisha lenyewe. La kwangu lilijirekebisha kabla sijaketi vizuri, au ndivyo nilivyodhani.

Asubuhi yote ilikwenda kwenye jina. Mwanamke aliyeongoza utafiti wetu, ambaye sisi washiriki tunamwita Mama Maabara, alitaka iitwe lishe mahususi. Bwana mmoja kutoka Hazina akauliza kama mahususi ndiyo ile ya hospitali isiyo na chumvi. Akaambiwa siyo. Mwingine akapendekeza lishe sahihi, akaulizwa kama lishe nyingine zote basi ni makosa. Mwingine tena akaja na lishe pimwa. Bwana wa Hazina akasema hiyo inasikika kama kitu cha kuuzwa kwa kilo. Walibishana hivyo mpaka ndoo ya kiyoyozi ikaja kumwagwa na kurudishwa, na mimi nikawa sijui tena tumekuja kupanga nini. Nilikuwa nimekuja na hoja moja iliyonyooka, na kila nilipoishika ilibadilishwa jina.

Hasira zikanipanda. Nikabonyeza kitufe.

"Samahanini," nikasema. "Mimi ni fundi cherehani, maneno haya yananipita. Naona mnataka kuamua mambo mawili tu. Kila mtu ajulikane mwili wake unataka nini, ale hicho. Au watu wote watafutiwe chakula kimoja cha kuwafaa wengi. Basi hilo la kwanza liiteni kula kwa mmoja mmoja, na hilo la pili liiteni kula kwa pamoja, twende kazi."

Wakacheka, lakini kicheko kizuri, na katibu akaandika hivyohivyo ubaoni. Tangu hapo kila mtu akawa anasema mmoja mmoja na pamoja, hata Mama Maabara. Nilivimba kichwa. Nilijiona nimewaokoa wasomi.

Kisha akazungumza Daktari wa watoto. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuja moja kwa moja kutoka wodini, koti lake jeupe limekunjwa na kuwekwa mapajani. Yeye alitaka kula kwa pamoja. Alitaka miaka kumi ijayo itumike kutafuta namna ya kuutia unga wa kila siku yale madini na vitamini yanayokosekana, unga wa kila nyumba, bila kumpima mtu.

"Mwenyekiti," alisema, "wenzangu wanasema miili haifanani. Ni kweli. Lakini wodini kwangu watoto wanafanana. Wote wamekonda."

Nikaona nikikaa kimya nimeliwa. Nikabonyeza kitufe tena nikasema kwamba mteja akija kwangu simshonei gauni la mwenzake. Nampima kifua, nampima kiuno, nampima mikono, kwa sababu hakuna watu wawili wenye bega moja. Hata pacha wangu, nikasema, gauni langu halimkai.

Daktari alinigeukia, wala hakuwa na ubaya usoni. "Fundi, unashona sare za shule?"

"Nashona."

"Unampima kila mtoto?"

Sare nashona kwa saizi, ndogo, ya kati na kubwa, rundo zima, maana nikianza kumpima kila mtoto shule itafunguliwa nusu yao wakiwa uchi. Yeye alijua hivyo na mimi nilijua hivyo, na kila mtu pale mezani aliniona nikilijua. Nikazima taa yangu nyekundu.

Nasema wazi kwamba nilichanganyikiwa. Nilimtafuta yule mwanamke kosa nikalikosa. Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nasema kweli, na zile kweli mbili hazikutaka kukaa kwenye kiti kimoja. Nilimfikiria mtoto wa wodini nisiyemjua. Halafu nikamfikiria Mdogo akinuswa pumzi, mtu mzima mwenye mvi, na nikajiambia kwamba watoto wale wana daktari wa kuwasemea, lakini Mdogo ana mimi tu. Nikaamua kutofikiri zaidi ya hapo.

Mchana ulifika. Kutoka chumba cha pili harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilianza kupenya chini ya mlango, na wajumbe wakaanza kukaa upande upande. Mwenyekiti akatazama saa, akakohoa.

"Ndugu wajumbe, muda umetutupa mkono," alisema. "Tumeshajadili vya kutosha. Kabla ya yote nataka kujua jambo moja. Wanaotaka kula ya mmoja mmoja, mikono juu."

Nikanyoosha mkono mpaka bega likaniuma. Nikatazama huku na huku kutafuta wenzangu. Walikuwa wachache, wa kuhesabika kwa kidole.

"Na wanaotaka kula ya pamoja?"

Mikono ikainuka meza nzima. Daktari wa watoto alinyoosha, hilo nililitegemea. Bwana wa Hazina alinyoosha upesi upesi, macho yake mlangoni kwenye ile harufu. Lakini kilichonitoa roho ni Mama Maabara. Mama Maabara, aliyetubandika vidude kwa mikono yake mwenyewe, aliyemwita Mdogo "mwanangu", alinyoosha mkono bila haya, tena akanitabasamia.

"Imepita," alisema Mwenyekiti. "Basi ni kula ya pamoja."

Sikungoja la pili. Nilichukua mkoba wangu, nikasukuma kiti kikagonga ile ndoo, nikatoka. Huko koridoni nilikaa kwenye benchi lililopangwa chini ya picha za mboga, nikawasha simu. Nilitaka kumwambia mtu wangu kabla hajaambiwa na mwingine.

Mdogo alipokea mara moja. Alikuwa ameishika simu mkononi siku nzima, najua.

"Haya?" aliuliza.

"Wamekataa," nikamwambia. "Hata Mama Maabara kanyoosha mkono kukataa. Hata yeye."

Nilimsikia Mama akikohoa kwa mbali.

"Sawa," alisema.

"Sawa nini?"

"Sawa, Mkubwa. Nimesikia. Usigombane na watu huko." Akakata.

Nilikuwa bado nimeishika simu pale mlango wa ukumbi ulipofunguka, akatoka Daktari wa watoto. Alikuja akasimama mbele yangu, koti lake mkononi, akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia.

"Fundi, mbona umetoka?"

"Mmeshashinda," nikasema. "Mnanitakia nini tena? Nendeni mkale huo unga wenu."

"Na mimi nilidhani tumeshinda," alisema, akakaa kwenye benchi kando yangu. "Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu. Halafu Mwenyekiti akasema, haya, sasa tuanze. Nikamuuliza tuanze nini. Akasema kupiga kura."

"Kura gani?" nikauliza.

"Kura, Fundi," alisema, akaitamka ile r kwa nguvu mpaka ikanguruma. "Alikuwa anauliza tupige kura ya namna gani. Ya mmoja mmoja, mtu aitwe jina asimame aseme, au ya pamoja, kwa kunyoosha mikono mara moja. Mwenzako wa maabara alielewa hivyo, akachagua ya pamoja ili iishe upesi. Mimi nikadhani ni unga. Bwana wa Hazina amesema yeye alidhani ni chakula cha mchana, kama tutaletewa sahani kila mtu mahali pake au tukae meza moja."

Nilirudia kichwani. Kula ya mmoja mmoja. Kula ya pamoja. Mtoto wa darasa la pili angeligundua palepale, maana kula huchukua kwa na kura huchukua ya. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema kula kwa mmoja mmoja, na katibu ameiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Lakini nani husikiliza sarufi akiwa na njaa na roho iko juu juu? Sikio langu lililojivunia kujirekebisha lilikuwa limejirekebisha vibaya. Na majina yale niliwatungia mimi.

Daktari akaanza kucheka, na mimi nikacheka, cheko la kujishika mbavu, wanawake wawili kwenye benchi la serikali. Halafu yeye akaacha.

"Njoo," alisema. "Wanakungoja. Kura yenyewe bado."

"Ungeniacha huku nje ungeshinda."

Hakukataa. "Nimewahesabu," alisema. "Tungelingana, na hapo Mwenyekiti ndiye mwamuzi, naye ni wa upande wetu. Tungeshinda. Nimefika pale mlangoni nikasimama kidogo." Akaliweka koti lake begani. "Twende, kabla sijabadili mawazo."

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namba ya Mdogo kwenye simu. Kutoka ndani nilisikia Mwenyekiti akisema, "Tunaweza kuendelea bila yeye, au?" Nikaitia simu mkobani. Nikajiambia nitampigia nikiwa na habari kamili, nisimpe maneno nusu nusu mara mbili kwa siku moja.

Safari hii Mwenyekiti alisimamiwa na katibu, aliyekuwa anaelekeza ubaoni kwa rula, neno kwa neno, ili pasiwe na mtu wa kusingizia sikio. Wanaotaka kula kwa mmoja mmoja. Tukanyoosha. Wanaotaka kula kwa pamoja. Wakanyoosha. Bwana wa Hazina alinyoosha upande wa pamoja, akasema yeye hageuki geuki. Katibu alihesabu, akahesabu upya kwa kuambiwa, na upande wetu ukapita kwa mkono mmoja. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza mkono huo ulikuwa wa nani. Mama Maabara alinikumbatia akanilowesha bega, na nikaona aibu kwa yote niliyokuwa nimemwazia.

Nilimtafuta Daktari kwa macho. Alikuwa anakusanya makaratasi yake, anayapanga kingo sawasawa, anayapanga tena. Aliponipita alinishika mkono.

"Hongera, Fundi," alisema. "Mimi sili, narudi wodini."

Nilifurahi, sisemi sikufurahi. Lakini ilikuwa furaha nisiyojua niimeze au niiteme. Nikampigia Mdogo. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita, ikakatika. Ya tatu haikuita kabisa. Nikaacha sahani yangu mezani na kushika njia ya nyumbani.

Chumba chetu cha mbele ndicho karakana. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo cha wateja, na dirisha linalotazama barabara. Nilipoingia, Mdogo alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha na lile shati mapajani, anatia vifungo. Mama alikuwa amevuta kiti cha wateja akakiweka mbele yake, magoti yao karibu yagusane. Hakuwa na kazi yoyote mikononi. Alikuwa amekaa tu, anamtazama.

"Limepita," nikasema hata sijavua viatu. "Nilikosea, Mdogo, nilisikia vibaya. Walikuwa hawajapiga kura. Sasa wamepiga, na limepita. Miaka kumi."

Mdogo aliinua kichwa. Hapo ndipo nilipouona mkono wake. Pale kilipokuwa kidude palikuwa na duara la ngozi nyeupe, na wekundu pembeni alipokibandua. Kidude chenyewe kilikuwa juu ya meza ya kukatia, kando ya mkasi, gundi yake imejaa nyuzi.

"Mungu mkubwa," alisema Mama, akajipigapiga kifua taratibu. Alikuwa amefurahi kwelikweli, uso wote ulimlegea. "Mungu mkubwa sana. Haya, mwanangu, kirudishe basi, tujue."

"Kikishabanduka hakirudi, Mama," alisema Mdogo. "Mpaka kipya."

"Kesho nakwenda kukichukua," nikasema. "Asubuhi na mapema."

"Kesho," alisema Mama. Akafikiri. "Na tangu mchana mpaka sasa?"

"Tangu mchana nini?"

"Amekula nini?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua ilinyesha. "Nilikwenda hapo dukani mara moja, niliporudi nikamkuta anajifuta mdomo."

"Nilikunywa maji," alisema Mdogo. "Nimekuambia, Mama. Umeniuliza, nikakuambia. Ukaniuliza tena, nikakuambia tena."

"Anasema maji," Mama aliniambia mimi.

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani yangu, mkoba bado begani. "Mama," nikasema, "si uliiona ile mistari? Si ulivaa miwani ukaiona mwenyewe? Si ulisema kumbe?"

"Niliiona."

"Sasa?"

"Sasa si ndiyo nikamwamini? Kile kidude hakina sababu ya kudanganya. Kinasema nami nasikia." Alikitazama pale mezani, kimelala na manyuzi yake, na akaonekana mzee kuliko asubuhi. "Lakini sasa hakipo. Hakipo, na mimi nimebaki na maneno. Niambie wewe, Mkubwa, nitajuaje?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nimeshinda siku nzima nikiwajibu wasomi, nina mdomo, Mdogo mwenyewe ndivyo alivyosema. Nilipeleka mkono wangu juu kwa ajili ya mtu huyu, nikaupeleka juu mbele ya mwanamke mwenye wodi nzima ya watoto waliokonda, nikidhani nampigania aaminiwe. Sasa nikawa sielewi nimepigania nini. Mama hakuwahi kumwamini Mdogo hata siku moja. Alikuwa anaamini kile kifungo cha mkononi.

Mdogo alikata uzi kwa meno. Alilikung'uta shati, akalinyoosha, akatazama vifungo vyake kama vimekaa mstari.

"Miaka kumi, umesema?" aliniuliza.

"Kumi."

"Basi nina miaka kumi ya kuaminiwa." Alicheka kidogo, puani. "Kuanzia kesho."

"Na leo jioni utakula nini?" Mama aliuliza. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba alikuwa anamwonea huruma.

"Leo sitakula, Mama. Tusisumbuane."

Alilikunja shati, akaanza kutafuta jingine kwenye rundo. Mama alimtazama akitafuta, kisha akanigeukia, akashusha sauti, ingawa chumba ni kidogo na Mdogo alikuwa palepale anasikia kila neno.

"Hebu niambie wewe. Kweli yalikuwa maji?"

Mezani, nyuma ya mkasi, palikuwa na kikombe. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema ndiyo, Mama, maji, kwa nini asinywe maji. Lakini kabla neno halijatoka nilijikuta nimenyoosha shingo kutazama ndani yake. Kilikuwa na maji. Nilipoinua macho, Mdogo alikuwa ameacha kutafuta shati na alikuwa ananitazama.